Kompaila Mpya na Nyimbo Sitini na Tatu za Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeamua. Nitakuwa Msimamizi wa Toleo.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: sisi ni watu kumi na mmoja tunaotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta kwa kujitolea. Ni mfumo huria, maana yake kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuufungua na kuukosoa. Hasa kuukosoa. Tunakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, katikati ya maboksi ya karatasi. Mwenye duka naye ni mwenzetu. Tunamwita Bi Stempu.

Jumamosi ya tarehe 15 tunapiga kura kuhusu kompaila, na tunamchagua Msimamizi wa Toleo, yaani kiongozi wa kutoa toleo jipya la mfumo. Kompaila ni programu inayochukua maandishi yetu sisi waandishi wa programu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Tunazo mbili. Moja mpya, nyepesi, ya kisasa. Nyingine ya zamani, tunayoibeba mgongoni kwa sababu programu za kale zilijengwa kwayo na hazipatani na kitu kingine. Kwa hiyo kila toleo tunalijenga mara mbili. Jasho maradufu, kwa ajili ya programu ambazo hakuna anayezitumia.

Anayeitetea ni mmoja tu, Mzee Swichi. Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akahamia kwetu na ukaidi wake. Kila tukisema tuiache, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anasema, "Huenda yuko mtu." Basi. Hana hoja nyingine. Watu wanamwonea haya, tunaahirisha mwaka mwingine.

Pia ananiita kijana. Nina miaka arobaini na minne.

Mpango wangu: nichukue mashine moja, niijenge upya yote kwa kompaila mpya, niwaonyeshe kwa takwimu. Nani atanikataa baada ya hapo? Yangu siwezi kuigusa, ina kazi muhimu. Ya mke wangu iko kwenye kliniki yake ya meno, na ameshaniambia nikiisogelea atanitibu bila ganzi.

Imebaki ya mama mkwe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeomba ruhusa ofisini. Nimesema nina jambo la kifamilia, na si uongo. Ofisi ya ramani inaweza kuishi siku moja bila mimi. Mkubwa wangu alikubali upesi kuliko nilivyopenda.

Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha mbele chenye jua la asubuhi. Ni mwalimu wa kwaya. Saa tatu alitoka kwenda mazoezini, akaniaga, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia nimekunywa. Mlango ulipofungwa tu nikawa kwenye kiti chake.

Kujenga mfumo mzima kulichukua saa tano na nusu. Katikati diski ikajaa, nikafuta nakala ya mfumo wa zamani. Ilikuwa imekaa tu pale.

Matokeo: zamani mashine iliwaka kwa sekunde thelathini na moja. Sasa ni kumi na tisa. Nimepima mara sita. Nimewaandikia wenzangu wote: nimejenga mashine ya mama mkwe wangu kwa kompaila mpya peke yake, sekunde kumi na mbili zimeokolewa, hakuna kilichovunjika.

Bi Stempu amenipongeza. Mzee Swichi ameuliza swali moja: je, nimeshamwachia mwenyewe aitumie?

Wivu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mama ameitumia.

Niliitwa saa moja na nusu asubuhi, kwa upole, kama anavyoniita siku zote. Anatumia programu moja tu, inaitwa Sauti Nne. Humo anaandika nyimbo za kwaya: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu iitwayo tena, na ya nne, besi, kila moja kwenye mstari wake, halafu mashine inazipiga ili asikie. Leo aliibonyeza, yakatokea maandishi mekundu yanayosema kuna majina hayakupatikana kwenye maktaba za mfumo, lile ghala la kazi ambazo programu zote huazima. Programu ikajifunga. Akabonyeza tena. Ikajifunga tena, kwa kasi ya kuridhisha.

Nikamwambia mashine imechoka kidogo, tuiache ipumzike.

Akaitazama, akanitazama. Akasema hata yeye aliona jana jioni kama imechangamka kupita kiasi.

Nyimbo ziko sitini na tatu. Nimehesabu faili zake, zote zipo, hakuna iliyopotea. Ila hakuna programu nyingine duniani inayozifungua. Ya sitini na tatu haijaisha. Ni ya kumuaga mwimbaji wao wa besi, aliyeimba chini ya mkono wake miaka thelathini. Anahamia kwa binti yake, mbali. Wataiimba Jumapili ya tarehe 16.

Nitarekebisha kabla mtu hajajua. Siku kumi na moja ni nyingi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejaribu programu nne za muziki. Tatu zimekataa faili. Ya nne imeifungua ikaipiga. Paka wa jirani ametoka dirishani mbio.

Nimeanza kukisia kilichotokea. Sauti Nne inapohitaji kitu, inaita kwa jina kwenye maktaba za mfumo, nazo zinaitika. Kompaila mpya inayaandika majina hayo kwa namna nyingine kabisa. Programu inaita, hakuna anayeitika. Ningekuwa na msimbo wake, maandishi yake ya asili, ningeijenga upya na mambo yangekwisha. Sina. Ipo programu yenyewe tu, iliyokwisha kupikwa, haina hata jina la mtu. Na maktaba za zamani anazitunza Mzee Swichi; kumwomba ni kukiri.

Nikaona nimsaidie Mama kwa njia nyingine. Nimetoka ofisini na rula ndefu ya ramani na karatasi kubwa, nikamchorea mistari ya muziki kurasa ishirini. Mistari imenyooka mno, naweza kusema ni kazi nzuri. Akanishukuru kwa mikono miwili. Akakaa dirishani na penseli.

Hakulalamika. Hilo ndilo baya. Mke wangu akikasirika najua nisimame wapi. Mama anaimba kwa ndani, anaandika noti, anafuta, anaimba tena. Hawezi kusikia sauti zote nne kwa pamoja, kwa hiyo anaimba moja moja, na kila akifika kwenye besi anakohoa kwa sababu ni ya chini sana kwake.

Nimemaliza kikombe cha chai jikoni nikisikiliza hicho kikohozi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Akili imefanya kazi. Nimefungua anwani mpya ya baruapepe kwa jina la Mtumiaji Mgeni, nikaandika kwenye orodha ya kundi letu: mimi ni mtu mpya kabisa, sijuani na yeyote hapa, nina programu ya zamani imegoma, kuna mwenye maktaba za kale? Nikaambatisha ule ujumbe wa kosa kama ulivyotoka kwenye mashine. Nimeandika kwa makosa machache ya tahajia, ili nisitambulike.

Mzee Swichi alijibu baada ya dakika tisa. Jibu refu, la upole, lenye hatua za kufuata na pole nyingi. Nilikuwa karibu kumpenda. Kisha nikafika mwisho: "Nimeona kwenye mstari wa kwanza wa ujumbe wako kwamba kompyuta inaitwa mashine-ya-mama-mkwe. Kijana, nije kesho saa nne? Mikutano ipo kila wiki, nitaukosa mmoja."

Jina hilo niliipa mwenyewe. Miaka tisa iliyopita, ilikuwa zawadi yetu kwake mwaka tulipooana. Niliona linapendeza.

Mke wangu ameusoma ujumbe nyuma ya bega langu. Ameenda kucheka bafuni na kufungulia maji ili nisisikie. Nimesikia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilimwelekeza Mzee apitie mlango wa nyuma. Bi Stempu anakaa mtaa wetu, hata siku za mkutano huchelewa kutoka, na ana macho. Mzee akaja mlango wa mbele, amevaa tai, kashika mfuko wa nguo wenye diski za kale zilizofungwa kwa taulo.

Mama akamkaribisha. Nikamwambia Mama huyu ni fundi tu. Mzee hakunipinga.

Akakaa, akauliza ni programu gani imegoma. Nikaibonyeza. Maandishi mekundu yakatokea, na juu yake kile kidirisha kidogo kilichoandikwa Sauti Nne.

Mzee akaisogelea skrini. Nikadhani hajui la kufanya na nikafurahi kidogo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akaomba maji ya kunywa.

"Mama," akasema, "hii umeipata wapi?"

Mama akasema aliipata miaka kumi na minane iliyopita, kwenye kidiski alichopewa na mwalimu mwenzake, na tangu hapo anahama nayo kila anapobadilisha mashine. Hajawahi kupata nyingine inayoelewa kwaya. Aliwahi hata kumwandikia aliyeitengeneza, kupitia anwani iliyokuwa kwenye karatasi ya maelezo.

"Ukamwuliza kama mstari wa besi unaweza kushushwa kidogo," Mzee akasema, "kwa sababu maneno yanagongana na noti za tena."

Mama akaweka penseli chini.

"Ukasaini Mwalimu wa Kwaya. Hukuandika jina wala unakokaa. Nilishusha mstari, nikatuma toleo jipya kwa wale wale waliosambaza vidiski vya mwanzo. Sikujua kama lilifika."

"Lilifika," Mama akasema. "Nilikosa stempu ya kukujibu, halafu siku zikapita, halafu nikaona haya."

Diski yenye msimbo ilimharibikia Mzee mwaka huo huo. Hakuwa na uwezo wa kuijenga upya. Kilichobaki ni ile programu iliyokwisha kupikwa, huko ilikokwenda, na barua moja. Ndiyo barua pekee aliyowahi kupata kwa kitu chochote alichoandika. Akahesabu kwamba siku kompaila ya zamani ikitupwa, mtu yule ataamka asubuhi, atabonyeza, haitafunguka, na hatajua amwulize nani.

Kisha akafanya kazi. Aliweka maktaba za zamani kwenye folda yao, kando ya zile mpya, akaielekeza Sauti Nne iende kuita huko. Alinieleza bila kunicheka. Ni sawa na kubadilisha namba zote za simu za mji, akasema, halafu ukashangaa kwamba mama yako akipiga hapokelewi. Unamwachia laini za zamani na kitabu chake cha namba, basi.

Dakika arobaini. Wimbo wa sitini na tatu ukalia chumba kizima, besi chini, tena juu yake, maneno hayagongani. Mama alikuwa amejishika shavu. Mke wangu alisimama mlangoni na koti la kliniki, akasahau kwamba anachelewa.

Mimi nilitoka nje kuangalia kama Bi Stempu amepita. Macho yaliniwasha, nadhani ni vumbi la zile diski.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mzee Swichi ni mjanja kuliko nilivyodhani. Siku saba kabla ya kura anaingia nyumbani kwangu na kuteka familia yangu. Leo amerudi, ati kukagua kama maktaba zimekaa vizuri. Zimekaa vizuri. Akakaa na yeye, saa mbili na nusu, dirishani, wakishusha na kupandisha noti.

Mama amevaa hereni. Hereni, Jumatatu, ndani ya nyumba.

Nikamuuliza mke wangu kama ameona. Akasema ameona tangu Jumamosi, na kwamba mama yake hajacheka hivyo tangu baba afariki, miaka saba. Akaniambia kama nina mpango wowote kichwani niutoe mapema, bado mdogo, hautauma.

Sikumwambia mpango. Nao ni huu: Mama mwenyewe aje mkutanoni. Mashine yake ndiyo niliyoitangaza. Akisimama yeye, mama wa watu, mwenye heshima yake, aseme kwamba inawaka kwa sekunde kumi na tisa, nani atakumbuka mengine?

Nimemwomba. Amekubali mara moja. Amesema atasema kweli tupu.

Sikuweza kuomba zaidi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nieleze kwa mpangilio.

Chumba kilijaa. Niliwasilisha takwimu zangu kwenye karatasi ya rangi. Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha nikamkaribisha Mama kama shahidi wangu. Akasimama kati ya maboksi, mkoba mkononi, kama anayesubiri kwaya itulie.

"Mkwe wangu aliifanya mashine yangu iwake upesi," akasema. "Namshukuru. Siku ile iliwaka upesi sana, ikaniambia mapema zaidi kwamba haitafungua nyimbo zangu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani ni utangulizi.

Akaendelea. Akasema hakujua kwamba watu kumi na mmoja wanafanya kazi mara mbili kwa miaka yote hii ili yeye aweze kuandika wimbo. Hakuna aliyemwambia. Angejua angeleta angalau shukrani. "Mimi ni mmoja," akasema. "Kama mzigo umekuwa mzito, utueni. Nitaandika kwa penseli, nina karatasi nzuri zilizochorwa na huyu mwanangu. Msinionee haya."

Akakaa.

Mzee Swichi alikuwa anafuta miwani ambayo ilikuwa safi. Bi Stempu akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna haja ya kujadili. Akauliza wanaotaka tuendelee na kompaila zote mbili, ya zamani kando ya mpya, wanyooshe mikono.

Kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja.

Naandika hapa kwa ukweli: mkono wangu ulikuwa juu kwa sababu nilikuwa najikuna shingo. Ulikaa juu muda mrefu kwa sababu ilikuwa inawasha sana.

Msimamizi wa Toleo amechaguliwa Bi Stempu. Sikupata kura hata moja, hata yangu, nilisahau kuipiga. Kisha Mzee akaomba neno. Macho yake yamechoka, akasema, na maktaba za zamani zinahitaji mtunzaji. Angependa ziende kwa mtu anayejua kwa moyo wake zikivunjika nani anaumia. Akanitaja mimi. Akaniita kijana tena.

Nilitaka kukataa. Nikajikuta naitikia kwa kichwa.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Kwaya ilisimama saa tano. Ukumbi wenye madirisha makubwa, viti vya mbao vinavyolalamika. Mwimbaji wa besi ni mzee mrefu mwenye suti iliyopungua urefu. Mama aliinua mkono, wakaanza.

Siuelewi muziki vizuri. Ila kuna mahali katikati sauti tatu zinanyamaza, anabaki yeye peke yake chini kabisa, noti moja ndefu. Mama alimwacha nayo. Hakumkatisha, hakumharakisha, mkono umesimama hewani. Alipoishiwa pumzi, wengine wote wakaingia taratibu wakamchukua. Nikaelewa kwa nini mstari ule ulihitaji nafasi yake kwenye ukurasa.

Mzee Swichi alikaa safu ya tatu. Vidole vyake vilikuwa vinacheza gotini kama kwenye kibodi. Alikuwa na stempu mpya kwenye mfuko wa shati. Aliniambia baadaye kwamba Mama kamkabidhi asubuhi, pamoja na bahasha tupu, akasema deni la jibu lake ni hilo, maneno atamwambia kwa mdomo.

Mke wangu alinishika mkono wimbo mzima. Akaninong'oneza kwamba mimi ni balaa, na kwamba hangenibadilisha na mtu. Nimeandika sehemu ya pili kwa herufi kubwa ukurasa wa nyuma.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Ruhusa nyingine ofisini. Mkubwa wangu amesema nisiharakishe kurudi.

Mzee amepita asubuhi kunikabidhi maktaba za zamani rasmi, kwenye diski moja ndogo, pamoja na karatasi ya maelekezo. Nilitarajia kurasa. Ni neno moja, kwa mkono wake wa taratibu: USIGUSE. Nikamhakikishia. Akanipiga begani, akamsubiri Mama avae viatu, wakatoka pamoja kwenda kumtafutia miwani mipya. Mama anasema ile ya sasa imefutwa hadi imekonda.

Nimekaa na hiyo diski. Cheo ni cheo. Mtunzaji wa Maktaba za Zamani. Nimeshaandika kwenye mlango wa kabati.

Nilipozifungua, nilishtuka. Nzito. Za kizamani. Zimejengwa kwa kompaila ya miaka kumi na minane iliyopita, hata hazijui kama mashine za siku hizi zina akili mbili tatu za kufanya kazi kwa pamoja. Na huyu Mzee ndiye aliyezitunza hivi hivi, bila kuzipiga hata pasi. Nampenda, lakini yapo mambo hakuyaona. Kosa langu la mwanzo lilikuwa dogo tu: nilijenga mfumo mpya nikaziacha maktaba za zamani. Nilipaswa kuanza na hizi.

Nitazijenga upya zote kwa kompaila mpya. Msimbo wake upo. Sauti Nne itaruka. Mama atashangaa, Mzee atatokwa na machozi.

Wamesema watarudi saa kumi jioni. Sasa ni saa nne na robo. Nimeshabonyeza, imefika asilimia sita, inakwenda vizuri mno. Nafasi kwenye diski ni finyu kidogo, kwa hiyo nakala ya akiba nitaichukua nikishamaliza.